Geji Inayosema Presha Imejaa Wakati Oili Imeisha

Ukipanda Noah ya abiria kutoka Tarime kwenda Mugumu, jitahidi ukae mbele karibu na dereva, kisha uangalie dashibodi. Utaona spidi, mafuta ya tanki, na sindano ya joto. Hilo joto ni la maji ya rejeta, si la oili. Kuhusu oili gari lina neno moja tu: taa nyekundu yenye picha ya kibirika. Taa hiyo inawashwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye injini, na kwa magari madogo mengi swichi hufunga saketi presha ikishuka hadi karibu nusu baa au pungufu. Injini ya moto ikiwa kwenye mwendo wa barabarani inatakiwa iwe na baa mbili, tatu au zaidi. Sasa kati ya baa tatu na nusu baa kuna safari ndefu, na dereva haioni hata kidogo.

Ndiyo maana namwelewa baba yangu mdogo. Noah yake ilitokana na ng'ombe aliowauza, na alipopata seti ya geji mbili, ya presha na ya joto la oili, aliibeba moja kwa moja hadi gereji. Land Cruiser za watalii zinazoingia Serengeti kwa lango la Ikoma zina geji ya presha ya oili toka kiwandani. Kwa nini yake isiwe nayo? Wazo ni zuri, na hapa sihakiki wazo. Nahakiki ufungaji: jinsi karatasi iliyomo kwenye boksi inavyoelekeza, na jinsi mafundi wetu (na sisi wanafunzi tunaojifanya mafundi) tunavyofuata bila kuuliza.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unafungua swichi ya kiwandani, unafunga tii ya shaba mahali pake, kisha swichi inarudi upande mmoja wa tii na sensa mpya inakaa upande wa pili. Unavuta waya mmoja hadi kwenye geji. Kazi imeisha, lete hela.

Shida ya kwanza ni nyuzi za skrubu. Tundu la swichi kwenye Toyota hizi lina nyuzi za kipimo cha Kiingereza, 28 kwa inchi. Sensa nyingi za madukani zina za Kimarekani, 27 kwa inchi. Kwa macho huoni tofauti. Inaingia mizunguko miwili mitatu vizuri, halafu inakaza, na fundi anaongeza nguvu. Ili isivuje anazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba.

Hapo kwenye tepu ningependa tukae kidogo. Sensa ya waya mmoja haina waya wa ethi. Ethi yake ni mwili wake wenyewe: umeme unatoka kwenye geji, unapita ndani ya sensa, unarudi kwenye injini kupitia zile nyuzi. Tepu haipitishi umeme. Sensa za aina inayouzwa sana zina ukinzani wa omu 10 presha ikiwa sifuri, na karibu omu 180 ikifika baa 10. Geji haijui presha ni nini, inajua omu tu. Tepu ikiongeza omu 20 njiani, geji inasoma karibu baa nzima ya ziada. Angalia inadanganya kuelekea upande gani: upande wa kukufurahisha.

Shida ya pili ni uzito. Sensa hiyo ina umbo la kikopo na si nyepesi. Imening'inia mwishoni mwa tii, tii nayo imeshikwa na shingo nyembamba ya shaba, na injini inatetemeka muda wote. Ongeza yale mawimbi ya barabara ya vumbi yanayogonganisha meno. Chuma kinachokunjwa kidogo kidogo mara elfu nyingi huchoka, hata kama kila mkunjo haufiki hatua ya kukivunja.

Tii ya baba mdogo ilikatika baada ya Nyamwaga, akielekea Nyamongo. Oili ikawa inarushwa nje kila pampu inapozunguka. Alichogundua kwanza ni mlio wa injini. Akanipigia jioni: "Mura, geji ilikuwa inasema presha imejaa. Na taa haikuwaka."

Nilidhani kwa mshtuko hakuangalia vizuri. Halafu nikachora saketi kwenye karatasi, nikaona hakukosea. Tii ilipokatika, sensa ilipoteza ethi. Saketi iliyokatika ni ukinzani usio na mwisho, na kwa geji hii omu nyingi maana yake ni presha kubwa, kwa hiyo sindano ilikimbilia mwisho kabisa. Swichi ya kiwandani nayo ilikuwa imeketi kwenye tii hiyohiyo. Ili taa iwake, swichi lazima ifunge saketi kwenda kwenye mwili wa injini, na mwili wa injini haikuwa ikiugusa tena. Shaba moja ilikatika, na geji na taa vyote vikaondoka pamoja nayo. Kabla ya kununua geji, gari lilikuwa na onyo moja la kuchelewa. Baada ya kununua, siku ile halikuwa na onyo lolote. Injini ilinoki.

Geji ya joto nayo ina kasoro, ingawa haiui injini. Baadhi ya seti zinaweka sensa zote mbili kwenye kipande kimoja cha kuunganishia. Presha haijali, maana inafika hata kwenye uchochoro usio na njia ya kutokea. Joto linajali. Oili iliyomo kwenye tii haizunguki, imekaa pale inapoa, na geji inakuonyesha nyuzi pungufu ya zilizomo kwenye injini. Na bila joto la kweli, presha haisomeki. Oili ya 15W-40 ina mnato wa zaidi ya 100 kwa kipimo cha senti-stoki ikiwa nyuzi 40, na karibu 14 tu ikifika nyuzi 100. Baa nne asubuhi ya baridi pale Tarime mjini na baa mbili mchana ukikaribia Mugumu zinaweza kuwa za injini ileile yenye afya ileile.

Ningefungaje mimi? Swichi ya kiwandani ibaki ilipo, isiguswe. Sensa mpya zikae kwenye sahani inayobanwa kati ya filta ya oili na injini, ambako oili inapita muda wote. Boliti ya sampu pia ingefaa kwa joto, lakini kwa mawe ya kule simshauri mtu. Kama ni lazima utumie tundu la swichi, tumia mpira wa presha, na sensa uifunge kwenye bodi kwa kishikizo chake. Chagua sensa yenye waya wake wa ethi.

Wanaotengeneza wenyewe kwa Arduino wana nafasi nzuri zaidi, na wengi wanaipoteza. Sensa ya waya tatu hutoa volti 0.5 presha ikiwa sifuri na volti 4.5 ikijaa. Ile nusu volti ya chini haikuwekwa kwa bahati mbaya: ukisoma pungufu ya hapo, ujue waya umekatika au sensa imekufa. Nimeona programu kadhaa za wenzangu zinazopokea volti sifuri na kuandika kwenye skrini "0.0 baa". Andika "SENSA MBOVU", na uweke king'ora.

Na kama geji tayari umeshafungiwa, washa swichi ya gari bila kupiga starta, kisha chomoa waya wa sensa uangalie sindano inakwenda wapi. Ikikimbilia juu, unayo geji kama ile ya baba mdogo. Halafu chungulia chini uone kama swichi ya taa nayo imekaa kwenye tii hiyohiyo.