Kwani Walikuwa Mabubu?

Pendekezo langu la utafiti wa shahada ya umahiri lilikuwa na kichwa nilichokipenda sana: "Kuwapa Sauti Wapagazi wa Unyanyembe". Likizo iliyopita, Tabora, nilimsomea bibi yangu. Akaacha kuchambua mchele, akaniuliza, "Kwani, mjukuu wangu, walikuwa mabubu?"

Nilicheka. Niliporudi chuoni kicheko kiliisha, maana nilianza kuliona neno hilo kila mahali: kwenye mabango ya miradi, kwenye dibaji za vitabu, kwenye insha zetu wenyewe. Kila mtu anampa mwenzake sauti, na hakuna anayesema ameitoa wapi.

Tuanze na matumizi ya kila siku. Sauti ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili lina ndugu wengi. Ngoma na bunduki zina mlio. Watoto hupiga kelele. Aliyevamiwa usiku hupiga yowe, au ukemi, majirani wakatoka. Mbiu hupigwa ili watu wajue kuna jambo. Maneno haya hayapeani nafasi ovyo: ukisema "mlio wa mwalimu" utakuwa umemtukana mwalimu. Halafu kuna matumizi ya pili. Tukisema baba mdogo "hana sauti" kwenye ukoo, hatuna maana kwamba koo limemkauka. Huenda ndiye anayeongea kuliko wote kikaoni. Tunachosema ni kwamba uamuzi haupiti kwake.

Kichwa changu kilichanganya maana hizo mbili. Kilichukua watu walionyimwa mamlaka kikawafanya watu wasiosema.

Chukua Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kitabu ambacho Heinrich Brode alikichapisha Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Msimulizi ni mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye baba yake aliishi Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Katika simulizi hiyo yeye ndiye mwenye kusema, na wapagazi mara nyingi ni idadi na mizigo. Wakiondoka, anasema wametoroka, na hilo ni neno la mwajiri. Hata hivyo, majina anayojivunia alipewa na wengine. Kingugwa, yaani chui, alilipata baada ya kuwasaka wapagazi wa Kizaramo waliomkimbia. Tippu Tip, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu aliowashambulia.

Tumezoea kupita hapo kwa tabasamu, kama kwenye utani wa mzee. Nikisoma sasa naona jambo jingine. Mlio ule uligeuzwa neno na watu waliokuwa upande wa mtutu, na neno lao ndilo lililokaa juu ya jalada la kitabu chake. Hawakuwa na sauti mbele yake kwa maana ya mamlaka. Lakini walisema, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuhifadhia walichosema.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na kwetu. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, linajulikana kwa jina la Livingstone. Alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo, watu wake, wakiwemo Chuma na Susi, waliubeba mwili wake kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza. Akashauri mwili uzikwe palepale. Wakakataa. Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya upimaji vya marehemu, lakini mwili hakuuzuia, na Februari 1874 ulifika Bagamoyo. Mmoja wao, Jacob Wainwright, aliandika shajara ya safari hiyo. Kwa Kiswahili cha bibi yangu, siku ile pale Unyanyembe, kuhusu maiti ile, wabebaji ndio waliokuwa na sauti.

Sitaki nipambe. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyepatana ujira wake aliweza kugoma, kudai posho, au kutua mzigo na kurudi kwao. Stephen Rockel ameandika kitabu kizima juu ya kazi yao, kilichotoka mwaka 2006. Mtu aliyefungwa mnyororo katika msafara huohuo hakuwa na njia hizo. Kuwaweka wote kwenye kapu moja la "wasio na sauti" kunafuta tofauti ambayo wao wenyewe waliijua kwa miili yao. Na kunanipandisha mimi cheo: ninakuwa mgawaji, wao wanakuwa wapokeaji, ilhali kazi yangu ni kusoma taratibu walichokwisha kusema, hata kama kimekaa ndani ya kitabu cha bwana.

Nimebadilisha kichwa. Sasa kinasema: "Wapagazi wa Unyanyembe Walisema Nini?" Msimamizi wangu anasema hakivutii kama cha kwanza, na huenda ni kweli. Nilimpigia bibi simu nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Haya, walisema nini?" Nikaanza kumweleza habari ya Kwihara.