Bei Mbili za Safari Moja

Oktoba 1876, huku kwetu Maniema, Henry Morton Stanley alikaa kitako na Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeitwa Tippu Tip, wakapatana. Mgeni alikuwa mwandishi, ametumwa na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald. Alitaka asindikizwe kuushuka mto vituo 60, kila kituo mwendo wa saa 4. Stanley aliandika kwamba bei ilikuwa riale 5,000. Tippu Tip, alipokuja kusimulia maisha yake kwa Kiswahili, alisema alitajiwa 7,000, tena si fedha zilizomtoa nyumbani: pembe alikuwa nazo.

Kwangu mimi, utamu wa kazi ya uandishi umo katika zile riale 2,000 zisizoonekana.

Stanley, mzaliwa wa Wales aliyeitwa kwanza John Rowlands, alikuwa mtu mkali, na kalamu yake ilimpendelea mwenyewe. Aliyoyafanya baadaye kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji sina haja ya kumwambia mtu wa Kasongo. Lakini alitembea. Alitoka Unguja Novemba 1874 akafika Boma Agosti 1877, amefiwa na Waingereza wote watatu alioondoka nao, na daftari alikuwa nalo.

Tippu Tip naye hakuwa mtu wa kuchezewa kwa maneno. Anasimulia kuwa Stanley alimsifia bunduki yake ya risasi 15. Akamwomba apige, aone, Stanley akakataa. Basi mwenyeji akatulia, akamwambia huko kwenye mto Lumami kuna upinde wa mishale 20, yote hutoka pamoja. Hapo mgeni akainuka, akatoka nje, akafyatua. Mwandishi gani hatauonea wivu mtego huo?

Mwaka 2004 Telegraph ilirudi njia hiyo hiyo. Tim Butcher, mwandishi wake, alitoka Kalemie kwa pikipiki, akapita Kabambare mpaka Kasongo, kisha akaandika kitabu, Blood River. Barabara ilikuwa imebaki kijia msituni. Humo alikutana na mtu anayesukuma baiskeli iliyosheheni mafuta ya mawese, akasimama, akamuuliza habari zake.

Ningependa kujua yule wa mawese alisimulia nini jioni ile, alipotua mzigo wake.