Sungura wa Unga na Ufundi wa Kupoteza Watu

Sungura wa ngano zetu hategemei miguu, anategemea ujanja. Waingereza walioanzisha Hash House Harriers mjini Kuala Lumpur mwaka 1938 huenda hawakuwahi kuzisikia ngano hizo, lakini mchezo wao ungemfaa sana. Mtu mmoja, naye huitwa sungura, hutangulia na mfuko wa unga, akidondosha mafungu madogo njiani. Wenzake ndio mbwa wa msako. Huufuata unga huo mpaka mahali sungura anapowasubiri, na hapo huwa pana bia.

Mwasisi anayetajwa zaidi ni Albert Gispert, mhasibu aliyeuawa katika vita vya Singapore, Februari 1942. Jina la klabu lilitokana na utani: Hash House ndivyo wanachama walivyoliita jengo walimokula, kwa kuwa chakula chake hakikuwasisimua. Klabu ilipoandikishwa mwaka 1950, malengo yake yalikuwa pamoja na kuondoa uchovu wa pombe za mwisho wa wiki, kutafuta kiu na kuikata kwa bia, na kuwashawishi wanachama wenye umri kwamba hawajazeeka kiasi wanachodhani. Leo klabu za namna hiyo ziko Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na miji mingine mingi duniani, kila moja ikijiendesha yenyewe bila makao makuu.

Swali la kiufundi ni hili: kijana mwenye pumzi na mzee mwenye kitambi wanawezaje kufika pamoja? Jibu limo katika makosa. Kila baada ya umbali fulani sungura huchora duara la unga, na hapo njia hukatika. Wenye mbio hutawanyika kuitafuta. Mmoja anaona fungu la kwanza upande wa kushoto, la pili, anapiga kelele za ushindi, kisha anakutana na mistari iliyokatiza njia: amedanganywa, arudi. Wakati huo wazee wanawasili kwenye duara wakitembea, wanapumua, wanatania. Njia ya kweli inapopatikana, aliyekuwa wa kwanza yuko mkiani. Kadiri mtu anavyokimbia, ndivyo anavyopotea zaidi, na huo ndio mpango wenyewe.

Kwa hiyo sungura stadi hapimwi kwa urefu wa njia. Hupimwa kwa mahali alipoweka maduara. Yakiwa machache, kundi hukatika vipande viwili. Yakizidi, watu hukata tamaa na kuifuata harufu ya nyama choma. Mwishoni wote husimama duara na makosa husomwa kama mahakamani: aliyepita njia ya mkato, aliyepotea peke yake, aliyekuja na viatu vipya. Huyu wa mwisho, kwa desturi ya klabu nyingi, hunywea bia ndani ya kiatu chake.

Tuupeleke mchezo huu Ihembe, wilayani Karagwe. Jina lenyewe linafaa, maana kwa Kinyambo ihembe ni pembe, na makundi mengi ya mchezo huu hupuliza pembe kuitana. Vilima vipo, njia panda hazihesabiki, na rubisi, pombe ya ndizi, inaweza kushika nafasi ya bia. Unga ndio wenye taabu. Kwenye udongo mwekundu wa kiangazi unaonekana vizuri, ila ndani ya migomba majani makavu huumeza. Mvua za masika hazibakizi alama. Kuku nao hawajui kanuni: fungu la unga wa mahindi kwao ni chakula, na sungura aliyetandika njia asubuhi kwa ajili ya jioni atakuwa amewalisha kuku wa kijiji kizima. Dawa ni kumtoa sungura dakika chache tu kabla ya kundi, na kuweka alama juu ya mawe.

Kuna mkasa mmoja ambao haukuhusu kuku. Agosti 2007, mjini New Haven, Marekani, wachezaji wawili walitandika unga kwenye maegesho ya duka kubwa la samani. Nchi ile ilikuwa bado inakumbuka barua zenye vimelea vya kimeta za mwaka 2001. Watu waliona unga mweupe chini, polisi wakaitwa, duka likafungwa na mamia ya watu wakatolewa nje. Wachezaji hao wakajikuta wanakabiliwa na mashtaka.

Kiufundi, njia yao huenda ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa kuwapoteza watu ambao hawakuwa mchezoni. Atakayetaka kuanzisha klabu Karagwe asiende moja kwa moja dukani kununua unga. Apite kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kwa wenye migomba atakayopita.