Tanzia si Kifo Pekee

Katika matumizi ya kila siku, tanzia ni taarifa ya kifo; ndipo mwanafunzi asomapo tamthiliya za tanzia huhesabu maiti. Tukilinganisha Doctor Faustus ya Marlowe na Macbeth ya Shakespeare, twaona kiini ni kingine. Faustus aiuza roho yake kwa miaka 24 ya uwezo, hati akiiandika kwa damu yake. Macbeth amwua Duncan, aliye mfalme, jamaa na mgeni wake. Wote wawili walikwisha kuonywa, huyu na malaika, yule na dhamiri yake, lakini tamaa ikawashinda. Hatupendekezi istilahi mpya, bali fasili iliyo kamili: tamthiliya ionyeshayo anguko la mtu mwenye hadhi, litokanalo na tendo lake mwenyewe. Kifo ni tokeo tu.