Funza Mwenye Heshima Zake

Mkulima wa huku kwetu Ihanja akimkuta funza wa vitumba kwenye kichwa cha alizeti hafikirii sanaa. Anafikiria dawa, bei ya dawa, na magunia atakayoyakosa. Simlaumu. Lakini katika Guangzhou, kusini mwa China, kulikuwa na mafundi ambao wangemkodolea macho funza huyo huyo mpaka pingili zake ziwakae kichwani, ndipo wachovye brashi.

Michoro yao ya maua na wadudu, iliyopakwa rangi za maji, ilikuwa ya kuuzwa kwa wageni. Kuanzia 1757 hadi 1842 karibu biashara yote ya meli za Ulaya na China ilibanwa kwenye mji huo mmoja, na wachoraji wakajipanga jirani na maghala ya wageni. John Reeves, mkaguzi wa chai wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, alifika huko 1812 akawaajiri wamchoree mimea na wanyama. Kazi nyingi kati ya hizo sasa zimo London.

Reeves alikuwa mtu wa sayansi. Wanunuzi wa kawaida walijichukulia michoro midogo iliyofanywa juu ya kitu cha ajabu: si karatasi hasa, bali moyo mweupe wa shina la kijiti fulani, uliozungushwa kwenye kisu kikali hadi ukatoka utando mwembamba. Utando huo ukilowana huvimba, na rangi haizami, husimama. Ndiyo maana bawa la kipepeo linaonekana kama lina vumbi lake, lile linalobaki kidoleni ukimshika. Ubaya wake, ukiukunja unavunjika. Vipande vilikuwa vidogo, vikazungushiwa utepe wa hariri pembeni na kufungwa kwenye albamu.

Kinachonivuta zaidi ni usawa. Nyuma ya mafundi hawa kulikuwa na desturi ya kale ya Kichina ya kuchora nyasi na wadudu, ambayo haikuona aibu kuonyesha jani lililotobolewa. Ua linapewa mstari mmoja mwembamba. Mdudu anayelila anapewa mstari ule ule. Kwa sisi tunaoishi kwa alizeti, heshima hiyo kwa mharibifu inachoma kidogo. Hata hivyo ndiyo inayoufanya mchoro uaminike: shamba lisilo na mdudu hata mmoja sijaliona bado.

Wapo wanaoidharau kazi hiyo kwa kuwa ilikuwa ya kuuzia wageni, na vilevile wanaidharau michoro ya Tingatinga ya hapa Tanzania. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 Dar es Salaam, kwa hadibodi na rangi za bei nafuu, na wateja wake wengi walikuwa wageni. Mnunuzi wa mbali haharibu mkono wa fundi. Haraka ndiyo inayouharibu, na haraka nimeiona hata kwenye kazi za kuuziana wenyewe kwa wenyewe.

Katika jambo moja, lakini, mafundi wetu wamewapita wale wa Guangzhou. Michoro mingi ya kule haina jina la aliyeichora. Tingatinga alitia jina lake kwenye ubao, na waliomfuata wanaendelea kutia yao.