Mkunjo wa Jani, Chimbuko la Ubao: Samani za Msanifu Zikisomwa kutoka Gisenyi

Uhakiki wa samani zinazoiga maumbile huanza na umbo: mguu wa kiti uliopinda kama mmea utambaao, mkono wa kochi uliochongwa kama jani. Makala haya yanaanza na mti uliokatwa. Anayezisoma samani hizo akiwa Gisenyi, mji unaotenganishwa na Goma na mpaka uliokubaliwa Brussels mwaka 1910, hana budi kuuliza ubao ulitoka msitu gani.

Kielelezo bora ni nyumba ambayo msanifu Victor Horta alianza kumjengea Edmond van Eetvelde jijini Brussels mwaka 1895. Mwenye nyumba alikuwa mtawala wa ngazi ya juu wa Dola Huru ya Kongo, milki ya Mfalme Leopold II. Nguzo za chuma zinapanda kama mashina hadi kwenye kuba la vioo vya rangi, na ndani zimetumika mbao za Kongo. Ni kazi nzuri mno. Sina nia ya kulikana hilo, wala UNESCO haikukosea kuiorodhesha mwaka 2000. Hata hivyo, mkunjo uliotawala mtindo huo uliitwa mjeledi. Mwanahistoria Debora Silverman ameuhusisha na mjeledi halisi wa Kongo, uliotengenezwa kwa ngozi ya kiboko. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu: kwetu kiboko ni mnyama, na kiboko ni kichapo. Nia ya Horta inaweza kubishaniwa. Asili ya mbao zake haibishaniwi.

Swali hilo lina uzito uleule Rubavu leo. Msitu wa Gishwati, uliokuwa na takribani hekta 28,000 katika miaka ya 1970, ulibaki na hekta 600 hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Haukumalizwa na viti, bali na malisho, mashamba na makazi; lakini matokeo kwa seremala ni yaleyale. Ama atumie mkaratusi na mgrevilea wa kupandwa, ama anunue mbao ngumu kutoka ng'ambo ya mpaka. Msanifu anayechora mawimbi ya Kivu kwenye kitanda cha nyumba ya ufukweni, bila kuuliza ubao ulivukia wapi, ameiga maumbile kwa penseli tu.

Kwa washauri wa sera, pendekezo ni dogo: mkataba wa samani utaje aina ya mti na mahali ulipokatwa, kama unavyotaja vipimo na bei. Kwa wahakiki, kazi ni ngumu zaidi. Mkaratusi hupinda na kupasuka unapokauka, na fundi hulazimika kuungoja, kuupanga na kupunguza upana wa vipande vyake. Kiti kilichobuniwa kwa kuifuata tabia hiyo huenda kisifanane na jani lolote. Bado hatuna msamiati wa kukisifu.