Adabu za Chombo

Lugha yetu imeliita gari chombo cha moto, na kila nikilipima jina hilo naona kwamba waliolibuni, hata ikiwa walitafuta neno la kuandikia sheria tu, walitupa ndani yake hukumu kamili ya jambo ninalokusudia kulisema. Kwani chombo, kwa mtu wa mwambao, ni jahazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Na baharia hakuhesabiwa kuwa baharia kwa kujua kushika usukani peke yake. Ilimpasa ajue kutia kalafati, yaani kuzishindilia pamba nyufa za mbao mpaka maji yakatae kupenya. Ajue kulipaka jahazi shahamu tumboni wakati limepwelewa ufukoni, na kulisugua kwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haisahauliki. Ajue kushona tanga lililochanika usiku, upepo ukivuma. Aliyejua kuongoza tu, machoni mwa wenziwe, alikuwa abiria aliyekalishwa karibu na usukani.

Abiria wa namna hiyo leo wamejaa barabarani. Si zamani sana, baina ya Chalinze na Segera, nilimkuta kijana mwenye gari zuri limekaa juu ya jeki, naye anahangaika na nati za gurudumu lililokwisha kunyanyuliwa. Kila akivuta spana, gurudumu linazunguka naye. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba nati hulegezwa wakati tairi bado limekanyaga ardhi, uzito wa gari ukilishika, ndipo jeki ipandishwe. Tulilishusha, tukalegeza, tukapandisha tena, na tairi la akiba lilipotolewa kwenye buti, likiwa bado na vumbi la dukani, tukalikuta halina upepo hata kidogo. Kijana yule hakuwa mjinga. Alikuwa mhasibu, na mambo mengi aliyoyajua mimi siyajui. Alikuwa amepewa leseni, akapewa ufunguo, na kati ya viwili hivyo hakupewa maarifa ya chombo chenyewe.

Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa akiendesha lori la Bedford la petroli baina ya Tanga na Lushoto, akipandisha mabati na chumvi na kuteremsha mboga na matunda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni maili 20 na kidogo tu, walakini njia hupanda ukingo wa milima ya Usambara kwa kona zisizokwisha, ukuta wa mwamba upande huu na korongo upande wa pili. Siku moja ya kaskazi, saa nane mchana, lori likaanza kukohoa, likatetemeka, likazima. Utingo aliruka chini kabla halijasimama barabara, akatia jiwe nyuma ya gurudumu moja na la pili, kisha akakata matawi akayatandaza njiani nyuma yetu. Mimi, kwa ghera ya utoto, nikakimbilia boneti. Mjomba akanizuia. "Tulia, mwanangu. Gari likizima lina neno, lisikilize kwanza."

Alifungua boneti, akaweka kiganja karibu na pampu ya mafuta bila ya kuigusa, akanusa, akatazama bomba jembamba lilivyopita karibu na mtambo uliowaka kwa joto, akasema petroli imechemka. Nilidhani anafanya mzaha. Lakini ndivyo ilivyokuwa: mafuta yalikuwa yamegeuka mvuke ndani ya bomba, na pampu, ambayo kazi yake ni kusukuma kitu cha majimaji, ilikuwa ikipiga bure. Akachovya kitambaa katika debe la maji, akaifunika pampu, akawa anaongeza maji kidogo kidogo kama mtu anayemkanda mgonjwa wa homa. Tukakaa kivulini, tukamenya machungwa. Baada ya muda aliokadiria mwenyewe, bila ya saa, akachukua hendeli, kwa kuwa betri ilikuwa imechoka, akaniita nitazame mkono wake. Kidole gumba alikilaza upande mmoja na vidole vinne, wala hakukizungusha upande wa pili wa chuma. Kwa sababu injini ikipiga kinyume, hendeli hurudi kwa nguvu ya kuvunja mkono, na gumba lililofumbatwa ndilo huvunjika la kwanza. Alinipanga vidole vyangu mwenyewe juu ya chuma kile, kimoja kimoja, mpaka akaridhika. Kisha akazungusha yeye, na lori likaitika.

Nimesimulia kwa urefu kwa sababu ustadi ninaousifu umo humo wote, na sehemu yake kubwa haikuwa mikononi. Ilikuwa katika ile saburi ya kusikiliza. Mtu aliyezoea kupima oili asubuhi, akakifuta kijiti, akakichovya tena na kukitazama mwangani, huijua injini yake kama mama ajuavyo pumzi za mtoto aliyelala. Mlio ukibadilika, huamka. Ndiyo maana mjomba, tangi lilipotobolewa na changarawe, hakubabaika: alichukua mche wa sabuni kavu akausugua juu ya tundu mpaka likaziba, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni kama maji yaiyeyushavyo, na tukafika mjini kwa fundi wa kulehemu. Hiyo ni kemia, ijapokuwa yeye hakupata kuiita hivyo.

Wala maarifa haya hayakuanza na malori yetu. Mwaka 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz alilichukua gari la magurudumu matatu alilolibuni mumewe Karl, akawapakia wanawe wawili, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa takriban kilomita 100, bila ya kumwambia mume. Katika safari hiyo, iliyo ya kwanza ya masafa marefu katika historia ya motokaa, bomba la mafuta liliziba akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa moto ulichubuka akaukinga kwa ukanda wa soksi. Breki za mbao zilipolika akamtaka fundi viatu azivike ngozi. Na mafuta yalipopungua akayanunua katika duka la dawa mjini Wiesloch. Basi mtu wa kwanza kusafiri mbali kwa gari alikuwa dereva na fundi katika kiwiliwili kimoja, naye alikuwa mwanamke, jambo ambalo wangefaa kulikumbuka wanaume wanaowaambia wake zao wasiguse boneti.

Utengano ulikuja baadaye, na ulikuja kwa sura ya rehema. Cadillac za mwaka 1912 zilipotiwa stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, mikono mingi iliokoka kuvunjika, na siwezi kukilaani kifo cha hendeli. Lakini mkono wa dereva uliondoka kwenye injini siku hiyo, na kila starehe iliyofuata imeusukuma mbali zaidi. Leo huambiwa kwamba gari ni kompyuta, na fundi huja na mashine yake ya kusoma makosa. Ni kweli, na mimi mwenyewe siwezi kuutibu ubongo wa gari la leo. Ila tairi bado hushika upepo uleule, nguzo za betri bado huota chumvi nyeupe inayoondoka kwa maji ya moto, na rejeta bado huchemka. Maji yaliyofungiwa chini ya mkazo hayachemki kwa digrii 100. Yanaweza kukaribia 120 yametulia tuli, na mtu afunguaye kifuniko kwa haraka huyaachilia yamrukie usoni. Nimeona uso ulioungua hivyo. Kungoja nusu saa kungeuponya.

Asiyejua huishi kwa huruma ya ajuaye. Gereji moja ilinitoza bei ya alternita nzima, ilhali mkanda ulikuwa umelegea tu, jambo ambalo kidole changu kingeliligundua kama ningelikibonyeza hapo. Tangu siku hiyo huzungumza na mafundi kwa lugha yao, nami nimeona kwamba fundi mwaminifu hufurahi kumpata mteja anayefahamu, kwa sababu kazi yake hatimaye ina wa kuithamini.

Juu ya hayo, sehemu ya ujuzi ni kujua pa kukomea. Mjomba, aliyeziba tangi kwa sabuni, hakukubali katu kuteremka mlima kwa breki iliyoingia hewa. Tulilala njiani mpaka fundi akapanda kutoka Mombo. Na ujuzi wa namna hii unaweza kudaiwa hata na sheria: huko Uingereza, tangu mwaka 2003, mtahiniwa wa leseni huulizwa namna ya kukagua oili, breki na tairi, ambalo kwa sheria yao halipaswi kuwa na kashata pungufu ya milimita 1.6. Rai yangu ni kwamba kila mwenye kuomba leseni kwetu abadilishe gurudumu mbele ya mtahini, kwa mikono yake, na asiyeweza arudi siku nyingine.

Na jambo la mwisho alilonifundisha mjomba siku ile ya kaskazi lilikuwa baada ya lori kuitika. Utingo alikwisha kupanda, mimi nimekwisha kukaa, naye alirudi kwa miguu, akayaokota yale mawe mawili akayatupa korongoni, akayafagia matawi yote kwa mguu hadi ukingoni. Jiwe lililoachwa njiani huua mtu wa usiku asiyeliona. Msomaji wangu, ukikwama na ukakwamuka, kabla hujatia gia, shuka uyaondoe mawe yako.